Shimo la Kukalia

...na sasa anaongeza udongo, Victoria aliona, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, kisu mkononi, ndizi imemenywa nusu na utomvu unamganda vidoleni, mama mkwe anaongeza udongo upande wa kushoto, ule ambao mtoto huegemea, anaushindilia kwa kiganja kama anayepanda mche wa kahawa, na mtoto amekalishwa humo kwenye shimo la kujifunzia kukaa, shuka kuukuu limemzunguka, sweta la mtumba kifuani lina maneno ya nchi ambayo hakuna mtu hapa Kilema anayeijua, miezi tisa, kichwa kimelala begani kama cha mzee aliyesinzia kanisani... kaa vizuri, mume wangu, mama mkwe alikuwa akimwambia, wageni wakija wasikukute umelewa... maana mtoto ndiye Sirili, amebeba jina la babu yake, na mwenye jina la marehemu ni mume wa bibi mpaka atakapoota ndevu, na Victoria akacheka kidogo kama anavyocheka kila siku, lilikuwa jambo la kuchekesha, na ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani, unapita katikati ya migomba polepole kama mgeni asiyetaka kupiga hodi, na chini ya mikahawa mfereji ulikuwa unasema maneno yake yaleyale, shuka, shuka, shuka... ukuaji hushuka, aliandika hivyo kwenye mtihani, chuoni Mlimani, feni imekufa na jasho linadondokea karatasi, ukuaji wa mtoto hushuka kama maji, hapana, maji hakuyaandika, maji ameyatia leo, aliandika kwamba huanzia kichwani, macho yashike, shingo ikaze, mgongo unyooke, ndipo kiuno, ndipo magoti, ndipo nyayo, na mhadhiri akamwekea alama ya vyema kubwa mno kwa wino mwekundu, akafurahi, wakati ule mtoto alikuwa swali la tatu... na macho ya Sirili yameshika, wangali wamo ndani kwa ile miezi ya uzazi, alilifuata jani la mgomba lililokuwa likipepea dirishani hadi lilipoishia, na meno yametoka, mawili ya chini, meupe kama punje za mchele wa Mabogini, na uzito anao, nesi wa kliniki alipomning'iniza kwenye mzani alisema huyu ni gunia la mahindi la Tarakea, akina mama kwenye benchi wakacheka, naye akacheka, akalibeba neno hilo hadi nyumbani kama zawadi, mzito, mtoto mzito huchelewa... kila kitu kimeshuka vizuri hadi shingoni na hapo kimesita, kama jani lililoziba mfereji, mtu angetia mkono tu akalitoa... na jirani yao Stella alijifungua baada yake, mtoto wake anatambaa, jana amewanyang'anya kuku pumba, Stella mwenyewe alisimulia kwa hasira, ya watu wenye bahati, kisha akamtazama Sirili mgongoni kwa Victoria na kuanza kuzungumzia mvua... Jovin baba yake naye alichelewa, mama mkwe husema, alikuwa mvivu hivihivi, nilidhani nimezaa mto wa kulalia, na Jovin, tangu kiwanda kilipowapunguza anauza mitumba Tarakea na kurudi Jumamosi na vumbi kwenye nyusi, akiulizwa hujibu, si mama amesema, basi, anamrusha mtoto juu, na Victoria hufumba macho, si kwa sababu ya kuruka, ni kwa sababu ya kichwa, kinavyobaki nyuma... na ule ukimya, siku ile alipotoka tumboni, ukimya uliokuja kabla ya kilio, dari lenye doa kama ramani ya kisiwa, mkunga anapiga nyayo ndogo, atalia tu, atalia, na akalia, sauti ya paka, na wote wakashukuru, miezi mitatu ya uzazi wakamweka Victoria ndani akanenepeshwa kwa mtori wa ndizi na siagi, mama mkwe akimkanda mtoto jioni mbele ya moto, akimkunja na kumkunjua, mkono huku, mguu huku, na kuta zilikuwa na joto, na yeye alikuwa anaelea, ukimya ule ukawa mbali kama jambo alilosimuliwa... anasemaje sasa, mama mkwe anasema udongo wa mwaka huu ni mwepesi, haushiki, ndiyo maana mzee anayumba, ukishika atakaa tu, na Victoria akajibu ndiyo mama, akaikata ndizi, na mkono ukasimama hewani, kwa sababu shimo hili, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemfundisha, siku ya kwanza alipolichimba, kwamba shimo la kukalia hupungua, linaanza kufika kiunoni, kisha kila mtoto anapokaza unarudisha udongo kidogo, linakuwa bakuli, linakuwa sahani, linakuwa ardhi tupu, na mtoto hajui hata siku alipoachiwa... na wiki iliyopita lilikuwa kiunoni, alikumbuka, vifungo vyote vya sweta vilionekana, na leo kinaonekana cha juu peke yake, udongo umefika mbavuni, shimo linakua, mtoto hakui lakini shimo linakua, na mkono wa kuume wa mama mkwe unashindilia na kupapasa na kufanya kazi ambayo kila mtu anaiona, lakini wa kushoto uko nyuma ya mgongo wa mtoto, haujatoka hapo tangu alipoanza, umetulia, umetanuka, umeubeba uzito wote wa mgongo ule... anajua, Victoria aliwaza, na ukungu ukawa umefika jikoni, anajua, pengine tangu ile miezi mitatu, mikono ile ilimkanda kila jioni, ingekosaje kujua, basi yale ya Jovin, yale ya mto wa kulalia, alikuwa anamwambia nani, na mimi nilipomsomea kwamba kitabu kinasema watoto hawafanani nilikuwa namwambia nani, kila mmoja anamfunika mwenzake shuka asisikie baridi, na katikati yetu huyu hapa, anachezea jani kavu, wala haogopi, macho yake makubwa yananitazama tangu zamani, wala hajaniomba nimkazie shingo, ameniomba nimwone... na akajikuta amepiga magoti udongoni, kisu amekiacha wapi, hajui, akaupitisha mkono wake wenye utomvu nyuma ya sweta, akaukuta ule mwingine, wenye mifupa, wa baridi, akaufunika.

"Mama," alisema, "kesho tumshushe Moshi, kwenye hospitali kubwa. Mimi na wewe."

Mama mkwe hakuinua uso, aliendelea kulainisha udongo ambao ulikwisha kulainika. "Nimechimba kidogo tu," alisema.

"Najua, mama."

"Watamuuliza jina?"

"Watauliza."

"Uwaambie Sirili. Usiwaambie mtoto mgonjwa, uwaambie Sirili," kisha akamwinamia mtoto, sauti ikijaribu kurudi mahali pake, "umesikia, mume wangu, unaenda mjini, na mimi ulinioa hukunipeleka popote"... na mtoto akacheka, udongo kwenye mdomo, kichwa kikaenda kushoto, kikaenda tena, na Victoria hakutazama kichwa, alitazama kicheko, kilivyoanzia machoni, kikashuka mashavuni, kikafika kidevuni, na kwenye viganja vyao viwili alikisikia kikishuka bado, mgongoni, chini ya sufu, mtetemo mdogo.