Bei ya Fleti ya Wifi

Sikumpenda wifi yangu na leo sitajifanya. Ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka minne, na alinunua fleti iliyo juu ya kichwa changu mwezi uleule tulionunua ya kwetu, kwa mkopo wa benki ileile. Ramani ilikuwa moja: vyumba viwili na sebule, jiko juu ya jiko, choo juu ya choo. Miaka sita nilisikiliza viatu vyake vikikanyaga dari yangu, na kila jioni alishuka kufunua sufuria zangu na kuuliza, "Mdogo wangu anakula hiki?"

Kisha bei za fleti zikaporomoka. Barabara nzima ilijaa vibao vya "Inauzwa" na hakuna aliyepiga hata simu. Kampuni ya bima aliyofanyia kazi wifi ikafunga tawi, na miezi minane baadaye tangazo la mnada likabandikwa langoni, namba ya fleti yake kwa wino mwekundu. Mume wangu alikosa usingizi. Mimi nililala fofofo.

Wala sisi hatukuwa salama. Cherehani yangu ilishona sare za shule moja badala ya tatu, na mume alipunguziwa zamu kiwandani. Marejesho ya miezi mitatu hatukuwa tumelipa. Benki ikakubali kuturefushia mkopo kwa sharti moja: mthamini wao aje aone kama fleti yetu bado ina thamani kubwa kuliko deni. Ikiwa chini ya deni, na yetu inapigwa mnada. Hayo yote niliyajua. Hasira tu ilinizidi akili.

Siku ya wanunuzi kukagua, wifi alitoka asubuhi na mapema ili asiyaone macho ya watu. Dalali akapanda ngazi na watu saba nyuma yake, maana lifti ilikufa zamani. Walinikuta mlangoni kwangu na ndoo na tambara, napiga deki ngazi ambazo sijawahi kuzipiga deki.

Mama mmoja mwenye miwani akasimama kupumua. "Samahani dada, maji hapa yanatoka?"

"Yanatoka. Mara mbili kwa wiki, na kutu mnapewa bure."

Wakacheka. Ningeishia hapo ingekuwa heri, lakini nilizikumbuka sufuria zangu.

"Mkifika sebuleni, iangalieni ile nguzo ya pembeni," nikasema kwa sauti ya huruma. "Ina ufa, wameupaka rangi juzi juzi. Sisi wa chini huwa tunaisikia ikilia."

Ufa haukuwepo. Nguzo ile ni nzima kuliko mimi.

Dalali alinikazia macho, akaandika kitu kwenye faili lake. Watano waligeuka palepale. Siku ya mnada fleti ilichukuliwa na mwuza mabati, chini ya nusu ya bei aliyonunulia wifi, na roho yangu ikawa kwatu kwa siku nne kamili.

Siku ya tano wifi alishuka na magodoro mawili, friji na kabati la nguo. Kwani angekwenda wapi kama si kwa mdogo wake? Akapewa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni, na sufuria zangu sasa zikawa zinafunuliwa asubuhi, mchana na jioni.

Mthamini alikuja Jumanne, mtu mkavu asiyetaka chai. Akapima vyumba huku akiiruka mizigo ya wifi. Kwenye nguzo ya sebuleni akagongagonga kwa kidole, kisha akafungua makaratasi.

"Fleti ya juu ni sawasawa na hii," akamwambia mume wangu. "Imeuzwa mwezi huu, kwa hiyo bei yake ndiyo ninayolinganishia. Halafu dalali ameandika kwamba nguzo hii, inayopanda mpaka juu, ina ufa. Anasema aliambiwa na jirani wa chini."

"Jirani wa chini ni sisi," mume wangu akasema.

Wifi alikuwa kwenye kochi. Wote wawili wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nyumba ilikuwa inatuponyoka.

"Hakuna ufa," nikasema. "Niliwadanganya wale watu ili wakimbie. Ufute. Nitasaini popote unapotaka."

"Ufa nitaufuta, mama," akasema mthamini. "Bei siwezi. Mtu ameshalipa."

Akaandika tarakimu na kumwonyesha mume wangu. Ilikuwa chini ya deni.

Alipoondoka nilimsubiri wifi apayuke. Majibu nilikuwa nayo, makali kabisa. Hakupayuka. Alikuwa analia, yeye ambaye sikumwona akilia hata siku ya mnada.

Mume wangu akasimama. "Dada," akasema, "hamia chumba kikubwa. Lala huko mpaka benki waje."

Akaingia chumbani kwetu akaanza kutandua kitanda. Hakusema mimi nitalala wapi, nami sikuwa na uso wa kuuliza.