Jiwe Lililopangiwa Gari Langu

Usiku wa kuamkia leo niliota rangi ya gari langu imeniita kikaoni.

Sikushangaa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naihudumia kuliko ninavyojihudumia mwenyewe, na nilijua siku moja itaanza kunipa maagizo.

Nieleze kwanza mambo yalivyo nikiwa macho. Naitwa Hozza, fundi miwani hapa Tanga. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yangu ni kupigana na mikwaruzo kwenye vioo vya watu. Mwezi uliopita nilinunua gari la mbio, la viti viwili, limelala chini kama mjusi, rangi yake manjano ya bizari. Tangu liingie nyumbani halijatoka. Nimelipaka nta mara tatu. Nimelivika kava laini, juu ya kava nikatandika shuka, juu ya shuka blanketi. Kwenye ukuta wa banda nimebandika karatasi ya masharti: Usiguse. Usilete vumbi. Usiegeshe chini ya mti. Usioshe juani. Usisogee ukiwa na zipu.

Sharti la zipu lilimkera mke wangu, Mama Kauthari, kwa kuwa nguo zake nyingi zina zipu.

Lakini kilichomkera zaidi ni miwani ya mama yake. Bi Nakijwa, mama mkwe wangu, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nami nikamtengenezea miwani kwa mikono yangu. Ilikuwa tayari tangu siku kumi na mbili zilizopita, imo kwenye kasha lake juu ya kabati. Bi Nakijwa anakaa milimani, juu ya Soni, huko lami inakoishia na kokoto zinakoanzia. Nilikuwa nimeahidi kumpelekea mwenyewe, kwa gari jipya. Kisha nikazifikiria zile kokoto.

"Nenda na basi, Baba Kauthari," mke wangu aliniambia jana jioni.

"Nitaonekanaje nashuka kwenye basi, na gari ninalo?"

"Na mama anaonekanaje anapapasa ukuta akitafuta mlango?"

Nilikwenda kulinyoosha blanketi la gari, nikarudi, nikalala.

Ndotoni, kikao kinafanyika ndani ya banda, ila banda limekuwa ukumbi wa ofisi ya kata. Kuna meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa ya chai ambayo haina mtu wa kuifungua. Rangi imekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Haina mwili. Ni manjano tu, imekaa wima.

"Keti," inaniambia. "Usiguse kiti."

Naketi bila kugusa kiti. Inawezekana, ila mapaja yanauma.

"Mjumbe mwenzangu ni Klia," Rangi inasema. "Yeye ndiye anayepakwa juu yangu ili ning'ae. Msalimie."

Nageukia kushoto, nasalimia.

"Niko kulia," inasema sauti yenye uchungu. "Watu wote hunisalimia upande nisiokuwapo. Kazi naifanya mimi, sifa anapewa huyu."

Namwomba radhi. Klia anasema amezoea, kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea hata kidogo.

Rangi inafungua faili. "Masharti yako tumeyapitia, Bwana Hozza. Ni mazuri. Kuanzia leo yanatumika mji mzima."

Natazama dirishani. Miti ya mtaa wetu inahama. Mikungu, mivinje, hata mwarobaini wa jirani, yote imejitwika mizigo na inaelekea Pangani kwa mstari mmoja. Mwarobaini umesahau kiota, umerudi kukichukua, na ndege waliomo wananitazama vibaya. Kwenye benchi la nje limekaa Jua. Limeambiwa lisubiri mpaka magari yote yaoshwe. Limekunja mikono. Benchi linatoa moshi kidogo.

Sokoni hakuna anayegusa kitu. Mwanamke mmoja anambembeleza samaki aingie mwenyewe kikapuni. Samaki anauliza kikapu kinaelekea wapi. Anaambiwa Chumbageni. Anafikiria, kisha anaingia.

"Hali hii mpaka lini?" nauliza.

"Mpaka tutakapokuwa salama," Rangi inajibu.

"Na mtajuaje kwamba mko salama?"

Rangi inapekua faili lote, kurasa zote, halafu inalifunga. "Swali zuri," inasema. "Tutaliundia kamati."

Hapo mke wangu anaingia. Amevaa gauni ambalo zipu yake imeng'olewa na mahali pake pameshonwa kwa uzi mwekundu. Mkononi ana kasha la miwani.

"Baba Kauthari, mama amepiga simu. Amemkaribisha mbuzi chai, akidhani ni shangazi Sijali."

"Mbuzi amekunywa?"

"Vikombe viwili. Sasa anasimuliwa habari za ukoo."

Naona jambo hilo limevuka mipaka. Nageuka kwa adabu, naiomba Rangi ruhusa ya kwenda Soni.

"Gari limefunikwa," inasema Rangi. "Kilichofunikwa hakiendi."

"Si mlisema ni gari la mbio?" mke wangu anauliza. "Linakimbia nini?"

"Kokoto," Rangi inajibu.

Mke wangu anaweka kasha la miwani mezani, kwa kishindo. Ukumbi mzima unaguna, maana ameigusa meza. Hakuna kinachotokea. Anagusa kiti. Anagusa faili. Anafungua chupa ya chai, anajimiminia, anakunywa. Halafu ananijia, ananigusa bega, na mimi niliyekuwa nimekaa hewani muda wote huo naanguka chini, pu!

Nilipoinuka, ukumbi haukuwapo. Nilikuwa nimeshika usukani, napanda milima ya Soni mchana kweupe, kasha la miwani liko mapajani. Kwenye kioo cha nyuma nikaona kava, shuka na blanketi vinanifuata mbio vikipunga, kama jamaa waliochelewa kumuaga msafiri. Kwenye kona ya tatu blanketi likachoka, likakaa pembeni. Wenzake wakabaki nalo.

Gari lilikuwa na furaha. Sijui nilijuaje. Lilikuwa likinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia bandani.

Lami ikaisha. Hapo ilipoishia, katikati ya njia, kulikuwa na jiwe limekaa. Dogo, ukubwa wa kunde. Limevaa tai. Nikafunga breki.

"Bwana Hozza?" jiwe liliuliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi ndimi jiwe lako."

"Langu kivipi?"

"Kila gari lina jiwe lake. Nilipangiwa gari hili kabla halijatengenezwa. Nimelingoja hapa miaka thelathini na moja. Mawe niliyoanza nayo kazi yote yamemaliza, yamepumzika mtoni. Nimebaki peke yangu. Kila asubuhi nafunga tai, naketi mahali pangu, gari haliji. Wakubwa wakiniuliza, nawaambia limefunikwa blanketi. Wananicheka."

Nilijisikia vibaya. "Pole," nikasema. "Sikujua kama kuna mtu anasubiri."

"Asante."

"Kazi yenyewe ni ipi?" niliuliza.

"Kugonga rangi. Mara moja tu. Alama moja, ukubwa wa punje ya ufuta. Baada ya hapo mimi nastaafu, na gari lako linakuwa gari."

"Sasa hivi ni nini?"

Jiwe liliinyoosha tai yake kwa heshima.

"Hatuwezi kuzungumza?" nikasema.

"Tunazungumza."

"Nikigeuza nirudi Tanga?"

"Nitangoja. Afya yangu ni nzuri. Ila mama mkwe wako amemaliza habari za ukoo, sasa anamsimulia mbuzi habari zako wewe."

"Habari gani?"

"Siku ulipokuja kuposa, ulivyomkimbia batamzinga ukaingia jikoni kwa wanawake."

Nikashuka garini. Nilizunguka gari mara mbili, pole pole, nikiitazama ile manjano. Kila mahali palikuwa pazuri. Hapakuwa na mahali ambapo ningeweza kusema, hapa si kitu, gonga hapa. Nikagundua pia kwamba sikuwahi kuitazama rangi ile kwenye mwanga wa mchana. Bandani kuna taa moja tu, na muda mwingi nilikuwa natazama blanketi.

"Naruhusiwa kuchagua mahali?"

"Hakuna anayekataza. Wengi hawaulizi. Wengi wanakuwa wamekasirika."

Nikaonyesha chini kabisa, nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto. Jiwe lilipapima kwa tai yake, likarudi nyuma hatua nne.

"Atakayeumia kwanza ni mimi," Klia alisema kutoka mahali fulani. "Naomba iandikwe."

"Nyamaza, Klia," Rangi ikasema. "Nipo nyuma yako." Sauti yake ilikuwa ndogo. Haikuwa tena ya mwenyekiti. "Bwana Hozza, tafadhali tushike."

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa gari lile bila kitambaa. Lilikuwa na joto, kama mgongo wa mnyama aliyetoka kukimbia. Nikafumba macho.

Ti.

Basi. Kama sindano imeanguka sakafuni.

"Tayari," jiwe likasema.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu." Lilikuwa linatazama alama yake. "Hata mimi nilidhani itakuwa kubwa zaidi. Miaka thelathini na moja!"

Likavua tai, likaikunja vizuri, halafu likawa halijui la kufanya nayo. Tulisimama hapo wote wawili. Upepo ulipita. Hakuna aliyelia, wala hakuna kilichoporomoka.

"Sasa unakwenda wapi?" nikaliuliza.

"Sijui. Mtoni kumejaa. Mahali pengine sijawahi kufika. Magari nimeyaona maelfu, lakini yote kwa chini."

Nikaufungua mlango wa abiria. "Panda."

"Nina vumbi."

"Panda na vumbi lako."

Lilipanda. Kisha likakataa tuondoke mpaka nilifunge mkanda, kwa sababu, lilisema, limeona mengi barabarani. Mkanda ulikuwa mkubwa mara mia kuliko lenyewe, lakini lilikaa wima chini yake, likitazama mbele kama mheshimiwa anayekwenda kufungua zahanati. Kila tulipopita jiwe jingine lilisema kwa sauti ya chini, "Yule namfahamu."

Tukafika. Bi Nakijwa alikuwa nje, kwenye mkeka, na mbuzi amekaa mbele yake na kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi Sijali, sogea kidogo mkwe apite."

Mbuzi akasogea. Nikapiga magoti, nikafungua kasha, nikamvisha mama mkwe miwani yake. Nikairekebisha nyuma ya masikio, kama ninavyowafanyia watu wote.

Alimtazama mbuzi kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ni mbuzi."

"Nilijaribu kukwambia," mbuzi akasema, "lakini hukunipa nafasi." Akamalizia chai yake, akashukuru, akaondoka.

Bi Nakijwa alitazama ng'ambo ya bonde, akazitaja nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya watu, moja moja, na ile ambayo haikufuliwa vizuri. Aliutazama mlima. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, akacheka. Halafu akageukia gari.

Nikamwonyesha. "Mama, pale chini, nyuma ya gurudumu, unaona kitu?"

Akainama. Miwani ile niliipima mwenyewe, hakuna ambacho ingemficha.

"Naona vumbi."

"Na kingine?"

Akanigeukia. "Naona mkwe wangu amepiga magoti mchangani na suruali nzuri," akasema. "Una mvi, Hozza! Tangu lini? Nyanyuka, baba. Umeshafika."

Nilitaka kumjibu, nikaanza kunyanyuka, na katika kunyanyuka nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwa mbele ya kioo akifunga kilemba.

"Mama Kauthari," nikamwambia, "chukua ile miwani. Twende kwa mama."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mwenzake. "Kwa basi?"

"Kwa gari."

Hakuuliza la pili, asije akaniamsha. Tulikwenda bandani. Niliondoa blanketi, shuka na kava, nikavitupa kwenye kona bila kuvikunja. Nta iling'aa. Nilitamani kuinama nyuma ya gurudumu la kushoto. Sikuinama. Funguo nilikuwa nazo mfukoni, mahali zinapolala kila siku, nikafungua milango, nikazunguka kwenda upande wangu.

"Baba Kauthari," mke wangu akaniita. Alikuwa ameinama kwenye mlango wa abiria, mkono kiunoni. "Huku ulimfungia mkanda nani?"

Nikachungulia. Mkanda wa kiti chake ulikuwa umefungwa, umekazwa mpaka mwisho, na chini yake, katikati kabisa ya kiti, kulikuwa na kijiwe ukubwa wa kunde, na vumbi lake.

Mke wangu alifungua mkanda, akakiokota kwa vidole viwili, akanyoosha mkono akitupe uani.

"Usilitupe," nikamwambia. "Limestaafu."