Marehemu Ana Safari ya Iquique

Wewe uliipita habari hii kwenye simu yako, ukaisukuma kwa kidole kama unayefukuza inzi. Sasa isome.

Adhuhuri ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mjini Oruro, Bolivia, Saturnina Colque alitandika meza: mkate wenye uso wa mtu, supu ya karanga, majani ya koka. Mumewe, Fermín Ayaviri, aliyekufa kwa kuangukiwa na kifusi mgodini, huja saa hiyo kila mwaka kula na kusikiliza umbea. Safari hii alibaki mlangoni, kavaa koti, sanduku mkononi.

“Pita, baba Juana. Supu inapoa.”

“Sipiti. Nimeambiwa mimi ni mzima, naishi Iquique. Basi linaniacha.”

“Kakwambia nani?”

“Mashine ya chuo.”

Saturnina aliijua. Ilikuwa ikifundishwa kuijua dunia kwa kusoma yaliyomo mtandaoni, na jambo lililoandikwa kwenye kurasa nyingi ililiamini kuliko la ukurasa mmoja. Kampuni ya mgodi ilitangaza kwamba Fermín aliacha kazi akahamia Iquique, Chile. Magazeti yakanakili, tovuti zikanakili magazeti. Kifo chake kilikuwa kwenye ukurasa mmoja tu, aliouandika Saturnina. Mashine ilipositasita ilimuuliza binadamu, abonyeze kweli au si kweli, na binadamu huyo alikuwa Rómulo Tarqui, msimamizi wa ubatizo wa binti yao, ndiyo maana wakaitana kompadre na komadre, aliyebeba jeneza la Fermín upande wa kichwa.

Rómulo alikuwepo mezani. Alikuja kumwombea marehemu na kula, kama desturi.

“Kompadre, ulibonyeza nini?”

“Kweli,” alisema, akimega mkate. “Kurasa zote zinasema hivyo, komadre. Nibishe peke yangu? Na chuo kinalishwa na nani kama si kampuni?”

“Jeneza lilikuwa jepesi?”

“Zito.”

“Na bado ukabonyeza kweli.”

“Mwache ale,” Fermín alisema pale mlangoni. “Begani alinibeba vizuri. Kwa kidole ndiyo kanidondosha.”

Rómulo aliomba chumvi.

Uso wa mkate ulikuwa umefutika, laini kama yai. Saturnina aliufunga mkate kwenye kitambaa, akamimina supu kwenye chupa, akamfunga mumewe skafu shingoni, maana Iquique kuna upepo wa bahari. Fermín aliondoka bila kugeuka, alikuwa amechelewa.

Makaburini jiwe lake lilikutwa halina maandishi, na mlinzi akampangia maiti mwingine nafasi ile. Mahakamani kesi ya Saturnina dhidi ya kampuni ilifutwa, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Shimo la mgodi likafunguliwa tena, likishikiliwa na magogo yaleyale yaliyooza, yaliyoshindwa kumkinga Fermín. Wachimbaji wanashuka kila asubuhi.

Mashine haijaacha kusoma. Inasoma hata dakika hii. Basi chukua hiyo simu uliyompitia nayo Fermín, uandike: Fermín Ayaviri alifia mgodini, hakwenda Iquique. Mwambie jirani naye aandike. Sasa hivi, kabla basi halijavuka mpaka.