Pipa la Buluu Kutoka Kambove

Kamba wa kwanza alikuwa amelala chali juu ya mchanga, miguu ikichezacheza polepole. Wa pili hakucheza tena. Joëlle aliweka kikombe chake cha chai juu ya kabati, akainama hadi paji la uso likagusa kioo cha tangi. Konokono walikuwa wamejifungia. Wale samaki wawili wa rangi ya chungwa, ambao kila asubuhi walimkimbilia wakidai chakula, walikuwa wamejibanza kwenye kona, juu kabisa, wakihema.

Jana wote walikuwa wazima. Jana jioni ndipo alipowabadilishia maji.

Bahari hii ndogo ya sebuleni, hapo Bel-Air, Lubumbashi, ilikuwa ya mume wake Désiré, ambaye alikuwa kazini mgodini na angerudi baada ya wiki tatu. Kuitunza kulimwangukia Joëlle, mwalimu wa biolojia. Maji ya bomba hayafai kwa viumbe hawa. Lazima yapitishwe kwenye kichujio, yatoke tone kwa tone yakiwa matupu kabisa, ndipo yatiwe chumvi ya bahari kwa kipimo. Na kwa kuwa bomba hukauka bila kuaga, na umeme ni vilevile, lazima yawekwe akiba. Pipa la zamani lilipasuka. Jipya lililetwa na mama mkwe, Mama Ngosa, alipokuja kukaa nao, juu ya lori kutoka Kambove, mji wa machimbo: pipa la buluu la lita mia mbili, mfuniko wake mzima, zawadi.

Ubavuni palikuwa na karatasi iliyokwanguliwa. Joëlle aliiona siku ileile, na swali likamfika mdomoni. Lakini Mama Ngosa ni bukwe wake, mkwe wa kuheshimiwa, na mbele ya bukwe mtu hupokea kwa mikono miwili, hupiga goti kidogo, hushukuru. Hamuulizi zawadi yake ilibeba nini kabla ya kumfikia. Basi alilisugua mara tatu kwa sabuni, akalinusa, akalijaza.

Sasa alitoa kisanduku cha vipimo. Akachota maji ya pipa kwenye kichupa, akadondosha dawa, akatikisa. Kama hakuna shaba, sumu ya kamba na konokono, maji hubaki ya manjano. Haya hayakungoja. Yalipiga kijani, kisha buluu, buluu nzito kama wino wa shule.

Joëlle alikaa sakafuni. Kila siku alipima maji mdomoni mwa kichujio, akasoma sufuri, akajisifu. Ndani ya pipa hakupima hata mara moja. Tena shaba ndiyo pekee aliyokuwa na dawa ya kuitambua. Kama pipa lilikuwa na kingine cha machimboni, asingekijua.

Uani ufagio ulikuwa ukikwaruza. Alitoka bila viatu.

"Mama, nani mwingine alichota maji mu ile pipa?"

"Bonjour kwanza," alisema Mama Ngosa, bila kuinua kichwa. "Ama mwalimu hasalimiake?"

"Bonjour, mama. Samaki banakufa."

"Samaki ya kuangalia tu, haiendi mu chungu. Acha ikufe, tutanunua ya kukaanga." Akacheka peke yake. "Nani atachota? Ni Syntiche tu njo nilimupatia, asubuhi hii. Bomba yabo ilikauka, akakuja na bidoni ya lita tano, anatafuta maji ya biberon ya mutoto. Nikamuambia, usimupe mutoto maji ya kisima, nitakupa ya mashini ya Joëlle. Ile inapita hata ya duka."

Jephté, mtoto wa jirani yao Syntiche, alikuwa na wiki sita.

"Mama, hii pipa ilikuwa na nini?"

Ufagio ukasimama.

"Unasema?"

"Kule Kambove. Mbele ya kuweka maji. Ilikuwa na nini ndani?"

Mama Ngosa alinyoosha mgongo taratibu. "Miaka makumi tano na nane nakunywa mu mapipa ya Kambove. Nimezaa saba, bote bazima, mumoja njo bwana yako. Leo ni mimi naleta sumu mu nyumba ya mutoto wangu?"

"Sikusema vile, mama."

"Umesema." Alitupa ufagio, akaenda hadi kwenye pipa, akasukuma mfuniko, akachota kikombe kikajaa. "Angalia muzuri. Nitakunywa, utahesabu kama nitaanguka."

Joëlle aliona kikombe kikipanda. Katika miaka minne ya ndoa hakuwahi kumgusa mwanamke huyu, ila kwa kumpa mkono wa salamu kichwa kikiwa kimeinama. Aliruka, akaupiga ule mkono kwa nguvu zake zote. Kikombe kiliruka, kikagonga ukuta, maji yakatawanyika vumbini.

Wote wawili walikitazama kilipokuwa kikibingirika hadi kikasimama.

"Umenipiga," alisema Mama Ngosa kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama. Utanichongea kwa Désiré, kwa ukoo wote, nitapiga magoti. Lakini uniambie pipa ilitoka kwa nani."

Mama mkwe alikiangalia kikombe kilichoanguka. "Kwa Lombe. Mutoto ya kaka yangu. Anafanyaka kazi kwenye banasafisha mawe ya kijani ya shaba na dawa kali. Aliniambia banaisha kuyaosha, yale mapi…" Akakatiza. Alikuwa amejisikia mwenyewe, na uso wake wote ukabadilika. "Joëlle. Kimbia."

Lango la Syntiche halikuwa mbali, hatua arobaini tu, lakini Joëlle alizikimbia kama mtu anayekimbia ndotoni. Redio ilikuwa ikiimba kwaya ndani ya nyumba. Aligonga. Hakuna aliyejibu. Aligonga kwa ngumi mbili, akasikiliza kama mtoto analia. Kwaya tu.

Syntiche, aliyemwita Joëlle yaya, dada mkubwa, alitokea upande wa nyuma, amebeba nguo mbichi za kuanika.

"Yaya Joëlle! Bila viatu? Banakufukuza?"

"Mutoto iko wapi?"

"Analala. Leo analala muzuri sana, hata redio haimuamushe."

"Amekunywa ile maji?"

"Kidogo, mu biberon. Akatapika yote juu yangu, ona kanga hii. Nikasema ni gesi tu." Tabasamu lake likafifia. "Yaya, kwa nini unaniangalia hivyo?"

Joëlle alikuwa ameshaingia. Mtoto alilala kitandani, mikono imefunguka pande zote. Chupa ilikuwa kando yake, imepungua vidole viwili. Akaweka kidole chini ya ile pua ndogo. Hakuhisi kitu. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vya baridi, havikuweza kumwambia lolote. Akaufinya unyayo. Mguu ukajivuta. Macho hayakufunguka.

"Mubebe," alisema. "Mubebe twende, nitakuambia mu njia."

Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili. Mama Ngosa aliwafikia mlangoni, akitweta, bidoni mikononi. Alikuwa amepita kwa Syntiche kuichukua bila kuambiwa na mtu, ili muuguzi aone. Muuguzi, mzee mmoja aliyeitwa Kapya, alisikiliza yote, akanusa maji, akasikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu mno.

"Kutapika njo kumemusaidia," alisema mwishoni. "Sina dawa ya kintu sijue jina. Tutamulinda hapa. Akinyonya, akakojoa, tutapumua. Akilegea zaidi, tunakimbia hospitali kubwa."

Walikaa kwenye benchi. Saa nne ikapita, saa tano. Syntiche hakumlaumu mtu. Alimshika Jephté kifuani na kila baada ya kitambo alisema jina lake sikioni, na kila mara Joëlle alisubiri, na mtoto hakujibu kitu. Saa sita Kapya alikuja, akafunua kope moja, akaondoka. Joëlle akaanza kufikiria nguo atakazovaa msibani, akajichukia.

Ilikuwa karibu saa nane Jephté alipokunja uso, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha njaa. Syntiche akampa titi, na alipomgeuza mkono wake ukatoka umelowa mkojo, akauinua hewani awaonyeshe wote, akicheka huku machozi yakimtoka.

Mama Ngosa hakucheka. Tangu asubuhi hakuwa amesema na Joëlle. Sasa alisema, macho yakiwa sakafuni:

"Lombe aliniletea mapipa sita."

"Sita?"

"Moja iko kwako. Moja iko ku parokia. Ingine niligawa. Moja nilimupatia Annie, bibi ya shemeji yako Clovis, kule Kambove." Akainuka kwenye benchi. "Iko na mimba."

Alitoa simu kifuani, akajaribu kubonyeza, namba zikamkimbia. Akamkabidhi Joëlle kwa mikono miwili. Joëlle akaipokea kwa mikono miwili, akapiga, akamrudishia. Iliita mara nyingi. Kisha ikapokelewa, na kwa mbali vikasikika vyombo vikigongana na maji yakimiminwa.

"Bonjour, mama!" ilisema sauti ya mwanamke kijana. "Ku Lubumbashi munashinda je?"

"Usinisalimie," alisema Mama Ngosa. "Annie, weka kile kikombe chini."