Taa ya Gati la Lundvær

Taa ya gati la Lundvær ilikaa juu ya nguzo ya chuma, na swichi yake ilikuwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kuzuia maji ya chumvi. Mtu akitaka boti ya mkoa isimame, anafungua kisanduku, anabonyeza, taa inawaka, na nahodha akiiona kutoka kwenye mkondo anakata kona na kuja kumchukua. Asipowasha, boti inapita zake kwenda Ytre Nes, kisiwa kikubwa cha jirani. Ni jambo jepesi kiasi hicho, na watu wa Lundvær walikuwa hawalifanyi.

Si kwamba hawakusafiri. Walikwenda mjini kwa daktari wa meno, kwenye harusi, kununua sufu na rangi za nyumba. Lakini boti ile inakuja na watu wengine ndani, kila mmoja na haraka zake, na kuigeuza boti nzima kwa ajili ya mama mmoja na kikapu chake kulionekana pale kisiwani kuwa ni kukosa adabu. Kwa hiyo mwenye safari alikwenda kwa Eilert, akasimama mlangoni na kuzungumza habari za upepo, na Eilert, bila kuombwa, akavaa buti zake ndefu. Alimvusha mtu kwa boti yake ya kuvulia hadi Ytre Nes, na huko mtu huyo alipanda boti ya mkoa pamoja na wengine, akiwa hajamsumbua yeyote.

Kisiwani alikuwepo mjane aitwaye Halldis, na Eilert alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mzee mwenye mabega mapana na masikio mekundu ya baridi. Kazi hiyo aliiona kama urithi. Zamani, Norwei ilipokuwa chini ya mfalme aliyekaa Kopenhagen, mkuu wa mkoa aliletwa kutoka huko huko, na sheria iliwataka watu wa pwani wamvushe kokote aendako, mvua iwe mvua, dhoruba iwe dhoruba. Babu wa babu yake Eilert, Peder Anton, alimvusha mkuu mmoja kwa makasia siku ambayo hata ndege walikuwa wamekaa chini. Mkuu aliugua njiani akatapika ndani ya kofia ya Peder Anton, kofia mpya ya sufu, maana hakukuwa na chombo kingine. Alifikishwa salama. Peder Anton aliisuza kofia baharini, akaivaa ikiwa bado inachuruzika, akageuza mtumbwi kurudi nyumbani. Hadithi hiyo ilisimuliwa Lundvær kila ubatizo na kila mazishi, na hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba kisiwa chao hakijawahi kumwacha ofisa wa mkoa amesimama ufukweni.

Siku hizo za wakuu wa kuletwa zilipita. Ikaja sheria ya watu kujichagulia viongozi, wakulima na wavuvi wakaingia kwenye mabaraza. Baba mkwe wake Halldis, mzee Edvard, alikuwa mwenyekiti wa manispaa yao ndogo kabla haijamezwa na ile kubwa, na wakati huo wenyeviti wa manispaa ndio waliokuwa wakikaa kwenye baraza la mkoa. Alivaa suti yake ya kanisani, akaenda barazani kuomba gati na taa. Walimkatalia. Mwaka uliofuata akarudi na suti ile ile. Alipopata alichotaka, kiwiko cha koti kilikuwa kimetoboka, na Halldis, bibi harusi mpya nyumbani humo, ndiye aliyekitia kiraka.

Sasa, mwanzoni mwa majira ya vuli, redio ilitangaza kwamba kamati ya usafiri ya mkoa inapunguza vituo vya boti visivyotumika. Lundvær ilitajwa.

Halldis alikuwa akikanda unga. Aliacha mikono ndani ya bakuli. Mwanawe Vegard na mkewe walikuwa wameshamwambia waziwazi: mtoto wao mkubwa ataanza sekondari ya juu mjini mwakani, atalala huko siku za shule na kurudi mwisho wa juma. Boti ikiwepo, watabaki na kondoo wao. Isipokuwepo, wanahamia mjini wote, na nyumba ya mzee Edvard itafungwa madirisha. Vegard alilisema hilo kwa upole, akitazama meza, na kwa sababu hiyo Halldis alijua kwamba hatanii.

Halldis ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kisiwa. Alinawa, akapiga simu mkoani, akaomba kamati ije ione kwa macho kabla ya kukata neno. Wakakubali.

Kisiwa kizima kiliingia kazini, kama desturi yao ilivyo. Walisugua sakafu ya ukumbi, wakapaka rangi nyeupe fremu za madirisha, wakapandisha bendera. Jorunn wa nyumba ya juu, mama mwembamba asiyeishiwa maneno, alioka lefse, ile mikate myembamba ya viazi, akaipaka siagi na sukari na kuikunja kama leso. Halldis alipika supu ya samaki yenye karoti na malai.

Wajumbe walifika mchana, watatu, kwa boti ya mkoa, maana aliyemo ndani anamwambia nahodha tu naye anasimama. Mwenyekiti wa kamati aliitwa Ingerid, mkulima wa matofaa kutoka mwisho kabisa wa mkono wa bahari unaoingia bara, mwanamke wa vitendo mwenye kucha fupi. Alikula sahani mbili za supu na hakujifanya ameshiba. Halldis akampenda papo hapo.

Baada ya kahawa Ingerid akauliza wanafikaje mjini.

Hapo ndipo walipojiharibia. Kila mtu alitaka kusema. Walisimulia habari za Eilert na boti yake, Eilert akatazama dari kwa staha, masikio yakizidi wekundu. Mmoja alisema hajaigusa swichi tangu taa iwekwe. Mwingine akasema yeye hata hajui inabonyezwa vipi. Jorunn akainua mkono wake wa kushoto.

"Huu ulivunjika kwenye barafu," alisema. "Mfupa ulikuwa unachungulia. Na sikuiwasha."

Ukumbi ukanguruma kwa kukubali. Simulizi ya kofia nayo ikatolewa, na wajumbe wakacheka hadi kufuta macho. Halldis alikuwa ameshika birika la kahawa, amesimama katikati ya ukumbi, na kila jigambo lililotoka alilisikia kama msumari unaopigwa kwenye dirisha la nyumba yake. Watu wake walikuwa wakisema kweli tupu, wamenyoosha migongo, nyuso zinang'aa.

"Basi mmejitosheleza," Ingerid alisema. Hakuwa na ubaya, alikuwa anawasifu. "Mkoa ukiacha kusimama hapa, hamtaona tofauti."

Jorunn alishusha mkono wake polepole na kuuweka mapajani.

Wakati huo upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeamka. Kamba ya bendera ilikuwa inagonga mlingoti, na nje ya mwamba wa mwisho bahari ilianza kuonyesha meno meupe. Boti ya jioni ilikuwa karibu kupita. Eilert akainuka na kuchukua kofia yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwa ajili ya saa hiyo kwamba wageni wasihangaike, yeye atawavusha mpaka Ytre Nes wakiwa wakavu. Wanaume wawili wakasimama kwenda kumfungulia kamba.

"Kaa chini, shemeji," Halldis alisema.

Eilert alidhani hakusikia vizuri. Akaisogeza kofia itoke sikioni.

"Nimesema kaa. Leo hakuna anayewasha injini Lundvær."

"Una homa wewe?" Eilert alimwuliza. "Unataka wageni wa mkoa wakasimame gatini na upepo huu kama chewa waliotundikwa wakauke?"

"Nataka wasimame pale ambapo mjukuu wangu atasimama."

"Kisiwa hiki hakijawahi kumwacha ofisa ufukweni. Hakijawahi. Ukitaka kuanza leo, anza na nyumba yako."

"Nyumba yangu ni ya baba yako," Halldis alisema. "Alikwenda barazani mpaka kiwiko kikatoka nje ya koti. Nilikishona mimi. Hakwenda kuomba pambo la gati, Eilert. Zamani mkoa ulikuwa mtu aliyetumwa na mfalme, na sisi tukambeba. Sasa mkoa ni sisi. Ile boti ni yetu, na tunaipungia mkono kutoka kwenye mwamba kama wageni."

Halldis hakuwa mtu wa hotuba. Akaweka birika mezani kwa kishindo kikubwa kuliko alivyokusudia. Kisha akavaa koti na kutoka, na Ingerid akachukua mkoba wake na kumfuata. Wengine wakaangaliana. Kisha ukumbi wote ukamwagika njiani, wazee kwa watoto, hata Jorunn na shali yake ya sufu kichwani.

Gatini Halldis alifungua kisanduku. Kuhusu taa hakuwa na uhakika wowote. Ilikuwa imekaa miaka na miaka kwenye chumvi na mavi ya ndege, na sasa alijiona mjinga: amewatoa watu watatu wa mkoa kwenye baridi ili waje kuona taa iliyokufa. Akabonyeza.

Taa iliwaka mara moja, nyeupe, kali, na kioo chake kilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Halldis aligeuka. Eilert alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, mikono mfukoni.

"Naisafisha kila vuli," alisema kwa kunung'unika. "Na balbu nabadilisha. Swichi naitia grisi. Kitu cha baba hakiwezi kuachwa kioze."

Ingerid alimtazama yule mzee, akatazama taa, kisha akatazama tena yule mzee. Akakunja midomo kama mtu anayehifadhi jambo la kulisema mahali pengine.

Wakangoja. Boti ilitokea nyuma ya mwamba, madirisha yake yakiwaka, ikienda moja kwa moja kaskazini kama ilivyozoea. Ilipita usawa wa gati. Mtu mmoja akashusha pumzi, na Eilert akatoa mkono mmoja mfukoni kama anayetaka kusema si aliwaambia. Ndipo mwendo wa boti ukapungua. Ikasita pale kwenye mawimbi, kama haiamini, halafu pua yake ikageuka kuelekea kwao.

Kipaza sauti kikakoroma. "Lundvær," nahodha aliita, na kila mtu alisikia wasiwasi wake. "Kuna nini huko? Nani kafa?"

Watu walimtazama Halldis, lakini aliyejibu alikuwa Eilert. Aliweka viganja mdomoni.

"Hakuna aliyekufa," alinguruma. "Tunasafiri."

Kicheko kilienea gatini, cha chini chini kwanza, halafu cha wazi. Ingerid alipanda ubao wa kuingilia botini akiwa bado anacheka. Kabla hajaingia ndani alirudi nyuma hatua, akamshika Halldis mkono, akamwambia kwamba barazani atasema alichokiona, na alichokiona ni watu wanaotunza taa kuliko yeye anavyotunza matofaa yake. Lakini taa hiyo iwe inawaka, la sivyo hata yeye hatakuwa na la kuwatetea.

Baraza lilikaa kabla ya Krismasi. Kisiwa kizima kilifuatilia kikao ukumbini, kwenye kompyuta ya Vegard, kama watu wanaoangalia mpira. Ingerid alisimama, akasimulia habari ya taa inayosafishwa kila vuli, akapiga meza mara moja. Kituo cha Lundvær kikabaki. Vegard alitoka nje kulisha kondoo hata kabla wajumbe hawajamaliza kupiga makofi, na Halldis alimsikia akiimba huko bandani, yeye ambaye kanisani huwa anafungua mdomo tu.

Lakini kuwa na kituo ni jambo moja, na kubonyeza swichi ni jambo jingine. Baada ya sikukuu watu walianza tena kwenda kusimama mlangoni kwa Eilert na kuzungumza habari za upepo. Eilert aliwasikiliza, akakubali kwamba upepo ni upepo, na hakuvaa buti.

Jumatatu moja asubuhi, giza la Januari likiwa bado halijaondoka, Halldis alichungulia dirishani akaona taa ya gati inawaka. Alijitupia koti begani akashuka mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu. Chini ya taa alisimama Eilert peke yake, kanyoa, kavaa suti nyeusi na kofia yake nzuri ya sufu, mkononi kikapu kisicho na kitu. Alisema anakwenda mjini kununua misumari.

Halldis alijua kuwa banda la Eilert lina misumari ya kujengea kanisa.

Boti ikaja, imejaa watu wanaokwenda kazini na wanafunzi waliosinzia, nyuso nyeupe kwenye madirisha. Ilikata kona nzima, ikapunguza mwendo, ikajisogeza gatini taratibu kwa ajili ya mzee mmoja na kikapu kitupu. Eilert akanyoosha mgongo na kuweka mguu ubaoni.

"Chunga kofia hiyo, shemeji," Halldis alimwambia.

Eilert aliivua, akaipungia boti nzima kama mkuu wa mkoa, akaingia ndani kuchagua kiti cha dirishani.