Miche Arobaini na Mitatu ya Clarrie

Asubuhi ile Noelene aligeuza jani baada ya jani akahesabu viwavi wanane, na wote wanane walikuwa wamekufa. Juzi tu walikuwa wazima, wanatafuna. Sasa walikuwa wamejikunja, weusi, wepesi hata akipuliza wanaanguka.

Mmea huo uliotambaa kwenye ua wa nyuma aliupanda marehemu mumewe, Clarrie. Clarrie alikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na utotoni alimwona kipepeo mkubwa wa kijani akielea juu ya malisho, kabla baba yake na majirani hawajamaliza kuufyeka msitu. Uzeeni likamkaa moyoni jambo moja tu, kumrudisha kipepeo yule. Hutaga kwenye mmea mmoja wa msituni, basi Clarrie akaenda kukata pingili kando ya reli ya zamani, ambako aliuona ukijiotea, akapanda nyumbani, akangoja. Hakuuliza mtu. Mungu amrehemu, katika mambo ya miti Clarrie alikuwa haulizi, alikuwa akisahihisha wenzake.

Kipepeo hakuja. Ikaja saratani. Miezi ile ya mwisho Noelene alikata pingili na kuzitia kwenye vikopo mbele ya kitanda, mgonjwa akisimamia.

"Si hivyo, mama wee! Fundo moja liingie kwenye udongo. Unapanda au unazika?"

"Nitakuzika wewe ukiendelea na mdomo huo."

Walicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Usia wake ulikuwa kwamba mazishini yasiletwe mashada, bali kila mtu aondoke na mche. Ikawa hivyo. Watu arobaini na watatu walitoka kwenye ukumbi wa kanisa wamekumbatia vikopo kama watoto wachanga.

Miaka sita ikapita. Mwezi Oktoba huu, kipepeo akaja. Noelene alilia pale pale kando ya tangi la maji, kisha akapiga simu nyumba hadi nyumba kuwatangazia watu kwamba Clarrie ameshinda.

Sasa, kwa ajili ya viwavi wale waliokufa, alimpigia simu Desley, mwanamke wa kitalu aliyezoea kuwasaidia watu kupanda miti ya msitu majumbani. Desley alifika na gari lake lenye matope, akatazama majani, akainua ua moja lililoning'inia, akaliachia.

"Mama, huu mmea mliupata wapi?"

"Clarrie aliukata kule relini."

"Siyo wenyewe. Huu uliletwa zamani kupamba baraza za watu, ukatorokea porini. Kipepeo jike anaunusa, anadhani ni ule wa kwao, anataga. Watoto wakianguliwa wakala majani, ni sumu."

"Wote wanakufa?"

"Wote."

"Clarrie alijua miti, Desley."

"Alijua, mama. Hapa alikosea."

Noelene naye aliliinua lile ua. Alikuwa amekumbuka ua la kwanza kabisa, kubwa kama kiganja, rangi ya ini lenye madoa. Kwenye kitabu cha Clarrie ua lilikuwa dogo. Alimuuliza, mbona hili kubwa hivi? Clarrie akasema kitabu kimekosea. Naye akayaacha, kwa kuwa mumewe alikuwa na furaha siku ile na siku za furaha zilikuwa zimebaki chache. Hilo ndilo lililomchoma kuliko viwavi.

"Kuna mingine?" Desley aliuliza.

Angeweza kusema hakuna. Jina la Clarrie lingebaki safi, na nani angejua?

"Arobaini na mitatu," alisema.

Desley aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wiki mbili Noelene alizunguka na mkasi wa kupogolea na jembe. Wa kwake aliung'oa kwanza. Wengine walimkaribisha chai, wengine wakanuna, mmoja akamwambia waziwazi kwamba anamfukua marehemu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bevan, rafiki wa Clarrie tangu timu ya kriketi ya shule, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu na siku zake alizimalizia kwenye kiti barazani.

"Shemeji! Panda huku barazani haraka uone!" Bevan aliita. "Wa Clarrie huyo! Mara ya kwanza kwangu!"

Jike mkubwa, mweusi mwenye mabaka meupe, kwani kijani ni ya madume tu, alikuwa ameshika jani kwenye nguzo ya baraza, amepinda tumbo, anataga.

Noelene alimweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo miaka sita namwagilia sumu."

"Niliyekupa ni mimi."

"Clarrie alijua?"

"Hakujua. Mimi nilishuku, nikanyamaza."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama kipepeo. "Basi mwache amalize, shemeji. Nimengoja sana. Akiruka, ukate."

"Akimaliza, Bevan, hatabakiwa na mayai ya kupeleka kwingine."

Bevan aligeuza uso ukutani. Noelene alipiga magoti akaukata mmea shinani. Lakini ulikuwa umejisokota kwenye nguzo, haukuanguka, na majani yake yalibaki mabichi vile vile. Kipepeo aliruka, akazunguka mara moja, akarudi kwenye jani lile lile, akapinda tumbo.

Noelene akaanza kuuvuta kwa mikono, na alipoona kipepeo bado anarudi, akavua kofia yake, ile ya Clarrie ya shambani, akampungia nayo usoni huku machozi yakimtiririka.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka hapa! Nenda zako!"

Alimfukuza hivyo mpaka barabarani.