Mtambo wa Zamani Usiguswe

"Na huu ukurasa wa mwisho ni wa nini?" mkurugenzi wa hospitali aliuliza. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshasimama juu yake, tayari kukata.

"Ni hatari, mkurugenzi," alijibu mratibu wa miradi. "Mambo yanayoweza kwenda kombo tukihamisha kitengo cha figo, na tutakachofanya yakienda kombo."

Mkurugenzi akasoma kwa sauti ili mezani wote wasikie. "Maji kutofaulu kipimo. Umeme kukatika. Mashine kuharibika njiani. Mgonjwa kuzidiwa." Akaivua miwani. "Mama, wewe unatupangia kazi au unatuchuria?"

Chumba kizima kikacheka. Mhasibu alicheka, ofisa ugavi alicheka mpaka akakohoa. Mratibu naye akatabasamu kidogo, kwa kuwa usipotabasamu huambiwa huna utani, lakini moyoni alikuwa anatokota. Ukurasa ule ulikuwa umemla wiki nzima. Alikuwa amekaa na wauguzi, akashuka chumba cha mitambo na mafundi, akauliza kila mmoja swali lilelile: ukiamka siku hiyo ukakuta mambo yameharibika, kitakuwa kimeharibika nini? Maswali hayo ndiyo yaliyofanya hospitali nzima imwite Bi Mipango. Jina lilianza kama kejeli, likazoeleka, na sasa hata barua za ofisini nusura ziandikwe hivyo.

"Tahadhari kabla ya hatari," alisema. "Si maneno yangu, ni ya wahenga."

"Wahenga hawakuwa na mgeni rasmi wa kufungua jengo," mkurugenzi akamjibu, na meza ikacheka tena.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa imejengewa jengo jipya, na kitengo cha kwanza kuingia kilikuwa cha wagonjwa wa figo, wale wanaokuja mara kadhaa kwa wiki kuunganishwa kwenye mashine za kusafisha damu. Mashine hizo haziendi bila maji yaliyochujwa sawasawa, na jengo jipya lilikuwa na mtambo wake mpya wa kuchuja. Bi Mipango alikuwa ameyapanga majukumu kwa mfuatano: kwanza mtambo mpya upimwe, kisha zihame nusu ya mashine, zifanye kazi juma zima, ndipo nusu nyingine ifuate. Kazi ya mwisho kabisa, chini ya zote, ilikuwa kung'oa mtambo wa zamani.

Mkurugenzi alikata mstari wa nusu kwa nusu. "Mgeni akute chumba kina mashine nusu na vitanda vitupu? Tutachekwa. Zihame zote kabla ya ufunguzi." Kisha akauchomoa ule ukurasa wa hatari, akaukunja mara mbili, akamsukumia Bi Mipango. "Huu baki nao wewe. Ukienda kwa mgeni tutaonekana hatujiamini."

Jioni hiyo Bi Mipango alimpitia mama yake mdogo, kama alivyofanya mara nyingi. Mama mdogo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na sasa figo zake zilikuwa zimechoka. Alikuwa mmoja wa wagonjwa wa kitengo hichohicho. Alimkuta sebuleni, miguu imevimba, ameiinua juu ya kigoda.

"Uso huo umetoka nao wapi, mwanangu?"

"Kazini, mama. Nasema jambo wanacheka. Nikinyamaza, likitokea, watasema Bi Mipango alikuwa wapi."

"Sasa unataka wasicheke au unataka wakusikie?"

"Vyote viwili."

"Tamaa," alisema mama mdogo, akamwonyesha jikoni akajipakulie chakula.

Kipimo cha maji kilifanyika, baada ya Bi Mipango kumfuata mtu wa maabara mpaka mtu wa maabara akaanza kumkwepa kwenye ngazi. Majibu yakaja: maji safi kabisa. Mkurugenzi alimsimamisha katikati ya korido, mbele ya watu. "Umeona? Maji kama machozi ya malaika. Ulitaka kutunyima usingizi bure." Alimpiga bega na kwenda zake. Bi Mipango alisimama pale na majibu mkononi, akashindwa kuelewa kwa nini habari njema inamkera namna ile. Alikuwa ametaka maji yawe safi. Ila sasa kila alilosema lingehesabiwa uchuro, kwa sababu moja halikutokea.

Mashine zikahamishwa zote. Zilivuka korido ndefu inayounganisha majengo mawili, zikasukumwa na wahudumu huku muuguzi mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Sista, akitembea pembeni na kupiga kelele kila gurudumu lilipogonga ufa. Hakuna iliyoharibika. Hilo nalo mkurugenzi alilitaja kwenye kikao.

Siku chache kabla ya ufunguzi, fundi bomba alimjia ofisini akiwa na spana mkononi na uso wa mtu aliyetumwa asikotaka.

"Bi Mipango, bosi kasema nikang'oe mtambo wa zamani leo. Chumba kile kimeahidiwa watu wa stoo."

"Na mimi kwenye mpango nimeandika nini?"

"Usiguswe mpaka mpya umalize juma zima unafanya kazi. Nimeusoma. Lakini bosi ni bosi. Mimi nina watoto."

Bi Mipango aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Hakugonga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Umemwambia fundi aung'oe mtambo?"

"Nimemwambia. Chuma chakavu kile kinazuia njia."

"Ule mpya ukisimama, wagonjwa tutawaunganisha na nini?"

"Utasimamaje? Maji yamepimwa, jenereta ipo. Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Sawa, bosi. Nipe kwa maandishi kwamba mtambo ung'olewe leo, uweke sahihi yako. Nitampelekea fundi mwenyewe."

Mkurugenzi alifungua droo, akaifunga. Akatazama dirishani. Kusema ni rahisi. Karatasi ni kitu kingine. "Unajua una kichwa kigumu?" alisema hatimaye. "Basi, baada ya sherehe. Lakini siku ya pili yake nisikione chuma kile."

Bi Mipango alirudi ofisini. Hakujisikia mshindi hata kidogo. Alijisikia mtu aliyegombana na jirani kwa ajili ya ndoo. Fundi bomba alipomuuliza, alimwambia tu, "Mtambo wa zamani usiguswe," naye fundi akaandika maneno hayohayo kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha mtambo, kwa herufi kubwa, ili wa stoo wasije wakajitia hamnazo.

Siku ya ufunguzi ilifika. Uani palisimamishwa mahema, viti vikafunikwa vitambaa vyeupe, spika mbili kubwa kama kabati zikawekwa pembeni. Asubuhi ile wagonjwa waliunganishwa mapema kwenye jengo jipya, mgeni rasmi akija akute kazi inaendelea. Mama mdogo alipewa kitanda cha karibu na mlango, na mkurugenzi mwenyewe akaja kumwomba afunge kitambaa cha kichwa chenye rangi. "Niko hapa kutibiwa au kuposwa?" alimuuliza, na Sista akageukia ukutani kucheka.

Bi Mipango alikuwa akizunguka tangu alfajiri. Alikagua mafuta ya jenereta, alikagua maji, alimuuliza Sista kuhusu kila mgonjwa. Kitu kimoja hakukikagua, kwa sababu hakikumjia akilini wala hakikumjia yeyote kati ya aliowauliza maswali yake: watu wa mapambo. Walikuwa wamekosa umeme wa kutosha uani, wakaingia chumba cha mtambo mpya, wakakuta soketi nzuri, wakachomeka spika, wakachomeka mafeni makubwa ya hema la wageni, wakachomeka na birika la kuchemshia chai.

Mgeni rasmi alikuwa ameshika mkasi wa kukatia utepe pale harufu ya plastiki iliyoungua ilipopita koridoni. Spika zikakata katikati ya neno. Ndani ya chumba, mashine zote zikaanza kulia kwa pamoja.

Bi Mipango alikimbia. Jenereta ilikuwa imeshawaka yenyewe, inanguruma vizuri kabisa, lakini umeme wake haukuwa na pa kupita. Sanduku la swichi lililolisha mtambo na mashine zote lilikuwa limeyeyuka, jeusi, linatoa moshi. Fundi umeme aliyelifungua alitikisa kichwa. "Hili mpaka lije jingine. Leo usahau."

Bi Mipango alisimama mbele ya lile sanduku na hasira zikampanda mpaka machozi yakamlenga. Hasira kwa watu wa mapambo, kwa mkurugenzi, na zaidi kwake mwenyewe. Alikuwa ameandika umeme kukatika, akaweka jenereta, akajiona amemaliza. Kumbe sherehe yenyewe ndiyo ilikuwa hatari.

Wodini, Sista na wauguzi wake walikuwa wameshaanza kuwarudishia wagonjwa damu yao kwa kuzungusha pampu za mashine kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Mama mdogo alikuwa ametoa macho, kitambaa chake cha rangi kimeteleza hadi sikioni. "Mwanangu, hivi ndivyo mlivyopanga?"

"Hapana, mama."

"Basi pangeni upya, haraka."

Sista alimvuta pembeni. "Wengi hawajafika hata nusu ya muda wao. Wawili wamekuja wamejaa maji mwilini, hawawezi kungoja kesho. Tunafanyaje?"

"Turudi tulikotoka. Mtambo wa zamani upo."

"Haujang'olewa?"

"Haujang'olewa."

Sista aligeukia mlango. Alipiga makofi mara moja, wahudumu wakaja. Fundi bomba alishatangulia kwenda kufungua valvu, akiufuta mlango chaki kwa mgongo wake alipoupita kwa haraka. Mashine zikaanza kutoka, zikarudi koridoni zilikotokea, na korido ile ilipita sawia mbele ya mahema.

Mkurugenzi alikuja mbio, tai imemkaa begani. "Mnafanya nini? Mgeni anaona!"

"Aone," alisema Bi Mipango. "Shika hapo, bosi, hilo gurudumu linakwama kwenye ufa."

Na kwa kuwa gurudumu lilikuwa limekwama kweli, na nyuma yake mashine nyingine zilikuwa zinangoja, na watu wote wanatazama, mkurugenzi alishika. Wakasukuma pamoja. Mgeni rasmi, akiwa bado na mkasi mkononi, alitazama mashine zikipita kwa mstari, wauguzi wakitembea kwa utaratibu, wagonjwa kwenye viti vya magurudumu wakifuata. Akageuka kwa msaidizi wake, uso umechangamka.

"Zoezi la dharura! Safi sana. Hospitali chache zinajiandaa namna hii." Akaanza kupiga makofi. Hema zima likapiga makofi. Mama mdogo, akisukumwa kwenye kiti chake, akawapungia mkono.

Bi Mipango alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kumnyang'anya mtu yule mkasi. Hakufanya lolote. Alisukuma.

Ilichukua muda kusafisha mashine, kupima maji upya na kuwaunganisha watu tena. Wale wawili waliojaa maji walitangulia, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuhema kwa taabu pale sindano ilipoingia. Hadi jua linaelekea kuzama, kila mgonjwa alikuwa amepata tiba yake. Hakuna aliyedhurika. Sista alikaa sakafuni koridoni, akavua viatu, akasema hataki kusikia neno "jipya" mpaka mwaka uishe.

Kwenye kikao kilichofuata mkurugenzi aliwapongeza wote. "Ajali haina kinga," alisema, "lakini sisi tulikuwa tumejipanga. Mgeni ameandika barua ya pongezi." Mhasibu akapiga meza kwa furaha. Jina la Bi Mipango lilitajwa katikati ya majina mengine, kati ya dereva na watu wa mapambo. Ndiyo, hata watu wa mapambo walishukuriwa.

Kikao kilipokwisha, mkurugenzi alimzuia. "Jiko linahamia jengo jipya baada ya kitengo cha figo kutulia. Niandalie mpango. Ila safari hii ufupishe, mama. Majukumu tu. Mambo ya hatari tunayajua sasa."

"Tunayajua yapi?"

"Si hayo ya soketi!"

Alimtazama mzee yule, akaona kwamba anaongea kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba hatari ikishatokea imekwisha, kama surua. Kubishana naye kungekuwa kutwanga maji kwenye kinu.

"Sitaandaa," alisema.

"Hutaandaa nini?"

"Mpango usio na hatari. Ukitaka huo, mwambie mhasibu, ana mwandiko mzuri. Mimi nitakuja jikoni kuwauliza wapishi maswali yangu, nitaandika watakayosema, na wewe utatia sahihi kila ukurasa. Wa mwisho pia. La sivyo nipe barua ya kunihamisha."

Mkurugenzi akakusanya karatasi zake. Mezani palikuwa na kalamu yake nyekundu, hakuigusa. "Nitafikiria," alisema kwa ukali, akaondoka.

Alifikiria kwa siku nyingi. Alimpita koridoni bila salamu, akamtuma ofisa ugavi ajaribu kumlainisha, akamwita mhasibu na mhasibu akakataa kwa kisingizio cha macho. Hatimaye kibali kikaja mezani kwa Bi Mipango bila maelezo, mstari mmoja tu: endelea kama ulivyosema.

Alikisoma mara mbili. Hakupata raha aliyodhani angeipata. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyebisha hodi mpaka mkono ukavimba, kisha akafunguliwa na kuulizwa kwa nini amechelewa. Alichukua daftari jipya, akashuka kwenda jikoni. Mpishi mkuu alikuwa anakoroga sufuria kubwa. Alipomwona tu, akaanza kucheka.

"Karibu, Bi Mipango! Umekuja kutuchuria na sisi?"

"Ndiyo," alisema, akavuta kigoda, akakaa. "Tuanze na gesi."